Kabla hujawasha katuni: jinsi ya kukagua filamu ya wanyama utakayowaonyesha watoto

Likizo ya Juni ikifika, naulizwa maswali yale yale. "Mwalimu, nitajie katuni ya wanyama isiyo na vitisho." "Mwalimu, mwanangu kalia usiku kucha kisa simba wa kwenye TV, nimkanye?" Na lile la akina baba: "Si katuni tu hiyo?" Huku kwetu Juni ni baridi ya kupasua midomo. Kuanzia Uyole, hapa Mbeya, hadi Makete na Mafinga watoto hujikunyata ndani, na mtu mzima yeyote mwenye TV na flashi anajikuta amefungua ukumbi wa sinema sebuleni bila kupanga. Mimi nimeendesha wa kwangu hapa Uyole kwa misimu kadhaa, mara nyingine watoto kumi na wanne kwenye mkeka mmoja, na makosa karibu yote nitakayokuonya nayo nimeyafanya mwenyewe. Nimeyaandika ili nikiulizwa tena niyatume tu.

Jibu la swali la kwanza linawaudhi wengi: katuni ya wanyama isiyo na kitu cha kuumiza ni adimu. Nyingi zimejengwa juu ya mtoto aliyepotelewa na mzazi. Kwa hiyo unachotafuta ni kujua donda liko dakika ya ngapi, uwe umelijua kabla watoto hawajafika hapo.

Na ukikagua, usihesabu damu. Mtoto wa huku amemwona mbuzi akichinjwa Krismasi au Idi, amemshika kuku miguu baba yake akikata, na jioni akala vizuri. Mtoto huyo huyo atalia mpaka kwikwi kwa ajili ya mwanasimba wa kuchorwa. Yule mbuzi hakuwa na jina, hakuzungumza, na hakumwita mtu "baba". Kinachomchoma mtoto ni kuona nani anaachwa. Ukilishika hilo, yaliyobaki hapa chini ni utaratibu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Filamu yenyewe, mkononi, angalau siku mbili kabla. Ukiipata asubuhi ya siku ya kuonyesha hutakagua, utajidanganya kwamba utakagua.
- Daftari na kalamu.
- Kifaa kile kile utakachotumia siku yenyewe. Faili linalocheza kwenye simu huweza kukataa kwenye TV.
- Saa mbili za utulivu, watoto wakiwa wamelala au wako shule.
- Majina ya watoto watakaokuja na umri wao.
- Filamu ya akiba, fupi, uliyokwisha kuikagua. Utaihitaji siku usiyoitegemea.

Mwongozo huu ni wa sebuleni, wa shule ya Jumapili, wa madrasa, wa watoto wa majirani. Ukitaka kutoza kiingilio au kufungua banda, hayo ni mambo ya kibali na Bodi ya Filamu, nami sina la kukufundisha hapo.

Hatua

1. Wajue watakaokaa mbele ya skrini.

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo niliyojifunza kwa uchungu. Mwaka wa kwanza niliwasha filamu ya simba bila kuuliza kitu. Katikati nikaona nafasi tupu mkekani. Msichana wa darasa la pili alikuwa ametoka. Nilimkuta nyuma ya banda la kuku, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, halii, anachora chini kwa kijiti. Bibi yake akaniambia jioni kwamba baba wa mtoto alizikwa Machi. Nilikuwa naishi nyumba ya nne kutoka kwao.

Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa ambayo kwa miaka mingi imekuwa juu kitaifa kwa maambukizi ya VVU. Wanaolelewa na bibi, shangazi au mama mdogo ni wengi, na si kila nyumba inasema kwa nini. Usiulize sababu. Muulize mlezi maswali mawili tu: "Kuna msiba au jambo zito lililompata mtoto karibuni?" na "Kuna kitu anachokiogopa sana?" Andika jibu mbele ya jina lake.

Jibu la pili litakushangaza. Watoto wa Itezi, jijini Mbeya, ambako Aprili 2024 Mlima Kawetere uliporomoka na tope likafukia nyumba na shule, wanaweza kuvumilia simba kumi lakini wasivumilie ukuta wa maji na udongo unaoshuka. Mama mmoja wa Njombe aliniambia binti yake hawezi kuona mgeni akimshawishi mtoto amfuate, hata kama mgeni huyo ni mbweha mwenye kofia. Ukikumbuka watoto waliouawa Njombe mwaka 2019, humwiti mtoto huyo mwoga.

Kuhusu umri: walio chini ya miaka mitano hivi mara nyingi hawajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Watauliza "ataamka saa ngapi?" Hao hawaumizwi sana na kifo chenyewe, huogopa zaidi meno, giza na makelele. Kuanzia miaka sita, saba, mtoto anaanza kuelewa, na ndipo anapoumia. Kwa hiyo usidhani mkubwa ndiye salama.

2. Hakikisha faili ulilo nalo ndilo unalodhani.

Ukijaziwa flashi, jina la faili haliaminiki. Tazama urefu wake. Ile filamu ya Simba na Mufasa ya mwaka 1994, The Lion King, ina dakika 88. Ya 2019 ina dakika 118. Hadithi ni moja, kichwa ni kimoja, lakini ya 2019 imetengenezwa wanyama waonekane wa kweli kabisa, kama umeenda Hifadhi ya Ruaha. Mtoto aliyeizoea ile ya kuchorwa huweza kushtuka na hii, maana simba wa kuchorwa anatabasamu na huyu wa pili hatabasamu.

Onyo: neno "katuni" halina maana ya "kwa watoto". Zipo katuni za watu wazima, zenye matusi na uchi, na picha yake ya mbele ni kasungura kazuri tu. Usiangalie picha ya mbele.

3. Soma alama ya umri, lakini usiiachie kazi yako.

Marekani hutumia G kwa filamu ya watu wote na PG kwa ile ambayo mzazi ashauriwe kuwa karibu. Uingereza hutumia U na PG kwa maana inayokaribiana. Kenya wana GE kwa ya watu wote. Alama hizi husaidia kuchuja matusi na mambo ya faragha. Kwa huzuni hazisaidii sana. The Lion King ya 1994 ina G. Finding Nemo ya 2003 ina G pia, na ndani ya dakika tano za kwanza mama samaki na mayai yote, isipokuwa moja, yameangamizwa.

Mfano wa kukufungua macho ni filamu ya sungura ya mwaka 1978 iitwayo Watership Down. Uingereza iliipa U, yaani hata mtoto wa chekechea anaruhusiwa. Ndani yake sungura wanafukiwa na kukosa hewa shimoni, wanararuana mpaka damu. Watoto wa kizazi kizima cha huko walikua wakiikumbuka kwa hofu, na ilipita zaidi ya miaka arobaini ndipo ikapandishwa kuwa PG. Huku kwetu sungura ndiye mjanja wa hadithi, anayemchezea fisi akili. Watoto watakaa wakisubiri kucheka.

Kama una bando, zipo tovuti zinazoorodhesha yanayoumiza, kama Does the Dog Die na Common Sense Media. Ni za Kiingereza, na zimeandikwa na watu ambao mbwa wao hulala kitandani. Chukua kwao dakika na matukio, uamuzi ubaki wako.

4. Itazame yote, peke yako, sauti ikiwa juu, bila kuharakisha.

Najua, ni dakika tisini. Hakuna njia ya mkato. Nilijaribu kuiendesha kwa kasi ya mara mbili nikiwa napika, nikapitwa na kila kitu, kwa sababu hofu ya katuni iko kwenye muziki. Mlio mzito ukianza, mtoto anashika mkono wa jirani kabla hata adui hajatokea. Ukiharakisha, muziki unakuwa kichekesho.

Chora safu nne kwenye daftari: dakika tukio linapoanza, linapoishia, nini kinatokea, nani anaachwa. Mimi huongeza ya tano: dakika ngapi hupita mpaka mtoto apate faraja. Hiyo ya tano ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Kuna filamu mzazi anakufa, na ndani ya dakika mbili yuko mtu wa kumkumbatia mtoto. Kuna nyingine inamwacha mtoto peke yake porini robo saa nzima. Na ipo namna ya tatu, ya ajabu: Bambi ya mwaka 1942. Mama yake anapigwa risasi na mwindaji. Huoni damu, humwoni hata anavyoanguka, unasikia mlio tu, kisha theluji, kisha mtoto anaita. Baba anakuja anamwambia mama hawezi kuwa naye tena. Halafu ghafla ni msimu mwingine, ndege wanaimba kana kwamba hakuna lililotokea. Mtoto mmoja aliniuliza, "Mbona hawakulia matanga?" Swali zuri. Tangu siku hiyo pale ndege wanapoanza kuimba mimi husimamisha filamu.

Andika yafuatayo kila ukiyaona:

Mzazi kufa, ndiyo, lakini pia mzazi kufungwa au kuchukuliwa. Katika Dumbo ya 1941 hakuna mzazi anayekufa. Mama tembo anafungiwa kwenye gari kwa minyororo kwa sababu alimtetea mwanawe, na anambembeleza kwa mkonga kupitia nondo. Kwa mtoto ambaye mzazi wake yuko gerezani au alienda kutafuta kazi hakurudi, kipande hicho kizito kuliko msiba. (Humo humo kuna mtoto tembo analewa na kuona mauzauza ya rangi. Ukiwa unaonyesha kanisani, ujue mapema.)

Mtoto kujilaumu. Hili halimo kwenye alama yoyote ya umri, na mimi naliweka juu kabisa. Katika The Lion King, kifo cha Mufasa, baba wa Simba, chenye nyumbu wakikimbia bondeni kinakuja baada ya nusu saa hivi. Watu wazima wote wanakikumbuka hicho. Kinachofuata ndicho kibaya zaidi: baba mdogo anamwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyesababisha, akimbie asirudi. Wapo watoto majumbani mwetu walioambiwa wana mkosi, kwamba walikuja na kifo cha mama. Hawatalia. Watanyamaza. Andika dakika hiyo kwa wino mwekundu.

Kisha mambo ya makelele: moto, mafuriko, mtego, bunduki, taya zinazofunguka gizani. Haya yanaumiza wadogo, na dawa yake ni rahisi, nitaieleza kwenye hatua ya 7.

Na mnyama anayefanana na wa nyumbani. Kitabu cha mzungu hakitakwambia hili. Kuanzia Iringa mpaka huku tunafuga simbilisi (guinea pig) jikoni, na tunawala. Ukionyesha filamu ambayo simbilisi ni shujaa, anaongea na ana familia, jiandae na chakula cha jioni kisichoguswa.

Mwisho, majina. The Lion King ina majina ya Kiswahili, na watengenezaji hawakufikiria kwamba watoto wa Mbeya wangeyaelewa. Fisi mmoja anaitwa Shenzi. Wiki nzima watoto wa mtaa wangu walikuwa wakiitana hivyo kwa furaha, wazazi wakinitazama mimi.

5. Amua: pita, eleza, ruka, au badilisha.

Pita maana yake wacha iende. Eleza, wataambiwa kabla. Ruka, utasogeza mbele. Badilisha, filamu hii si ya kundi hili.

Makosa ya kawaida hapa ni kuruka kila kitu. Ukikikata kifo cha Mufasa, saa nzima inayobaki haina maana, na watoto watauliza "baba yake kaenda wapi?" mpaka mwisho. Ukilazimika kuruka vipande vitatu au zaidi, hiyo si filamu yao, badilisha. Mimi huruka pale tu panapohusu meno na makelele kwa walio chini ya miaka mitano. Kifo chenyewe naona ni afadhali kukieleza kuliko kukificha. Wapo wasiokubaliana nami, na mlezi wa mtoto ndiye mwenye neno la mwisho.

Kwa mtoto mwenye msiba mbichi, usimtoe kwenye kundi mbele ya wenzake. Muulize mlezi. Akisema hapana, mpe mtoto kazi ya maana siku hiyo: akusaidie kugawa chai, akae jikoni na mtu mzima kipande kile. Akitaka kubaki na kutazama, mwache, mkae jirani.

6. Waambie kabla.

Wazazi wengi huogopa hatua hii wakidhani itaharibu utamu. Haiharibu. Watoto wanajua tangu zamani kwamba steringi hafi, na wanaitazama filamu vilevile mpaka mwisho wajue atashindaje. Tatizo ni kwamba kanuni ya steringi haimlindi baba wa steringi, na hakuna aliyewaambia.

Maneno yawe mafupi, ya kawaida. Mimi husema hivi: "Leo kuna simba mdogo anaitwa Simba. Katikati baba yake atakufa. Itasikitisha. Baba mdogo atamdanganya Simba kwamba ni kosa lake. Anadanganya, si kosa lake. Mwisho Simba atarudi nyumbani. Ukitaka kutoka au kuja kukaa karibu na mimi, njoo tu, huombi ruhusa."

Ile sentensi ya "anadanganya, si kosa lake" usiiache. Iseme kabla, na kipande kikifika iseme tena kwa sauti.

Onyo: usiseme mzazi "amelala" au "amesafiri". Mtoto atakayesikia kufa ni kulala ataogopa kulala, na mwenye mama aliyeenda Tunduma kununua mzigo atalia ukiwa hujui analilia nini. Sema amekufa.

7. Siku yenyewe.

Anza mapema. Filamu iishe kabla jua halijazama, hasa kama kuna fisi ndani yake na watoto wanarudi kwa miguu. Saa nane mchana ni nzuri.

Usizime taa wala kufunga pazia zote. Punguza sauti kidogo kuliko ulivyokagua. Subwoofa ichomoe kabisa. Kwa watoto wadogo hilo peke yake huondoa nusu ya hofu, na ndiyo dawa niliyoiahidi. Wadogo wakae nyuma karibu na mtu mzima, si mbele kama tulivyozoea kuwapanga kwa kimo. Picha ya mbele ni kubwa mno kwao.

Rimoti iko mkononi mwako, haitoki. Daftari lako liko mapajani. Ukitumia kompyuta yenye programu ya VLC, bonyeza Ctrl na T, andika dakika unayotaka kwenda, itaruka hapo bila watoto kuona picha zikikimbia. Herufi M inazima sauti. Jaribu mara mbili kabla hawajafika. Kubabaika na vitufe huku nyumbu wanakimbia si jambo zuri. Kwenye TV nyingi zenye flashi kuruka ni kwa kubahatisha, unaweza kutua katikati ya kile ulichokikimbia, kwa hiyo ziba skrini kwa kanga mpaka upate pa kutua. Watoto wanaipenda sana kanga hiyo, inageuka mchezo.

Na usikae kama mtazamaji. Bibi akitusimulia hadithi ya fisi kando ya moto, fisi alikufa vifo vingi vibaya, akaunguzwa, akaanguka kisimani, na hatukuota ndoto mbaya. Bibi alikuwa anatuona usoni. Mmoja akikunja sura, kisima kilikuwa kifupi kidogo usiku huo. Filamu haimwoni mtoto usoni, wewe unamwona. Kaa pembeni ya TV ukitazama watoto, usitazame filamu. Umeshaiona.

8. Baada ya kuisha.

Usiwaruhusu waondoke papo hapo. Chai ya moto, viazi au mahindi, dakika ishirini. Usiulize "mmejifunza nini?", watakupa majibu ya darasani. Uliza "nani alikuudhi?" Ukiuliza hivyo, hutapata nafasi ya kuongea. Wadogo wape karatasi wachore. Msichana niliyemtaja, mwaka uliofuata alikuja tena, bibi yake akikubali. Alichora simba mkubwa juu ya mlima, nikadhani ni Mufasa. Akasema ni Loleza, mlima wa hapa Mbeya, na aliyesimama juu ni baba, anatuona wote mpaka Mwanjelwa.

Mambo yakienda kombo

*Umeme unakatika katikati ya kipande kibaya.* Huku kwetu hili si jambo la kufikirika. Limenitokea nyumbu wakiwa bado wanakimbia. Usiwaache watoto warudi nyumbani na picha hiyo. Simulia mwisho kwa mdomo, mara moja, mpaka Simba arudi nyumbani. Ndiyo maana unatakiwa kuwa umeitazama yote.

*Mtoto analia.* Usimwambie "ni katuni tu, nyamaza". Simamisha filamu, mkalishe karibu, mwambie "inasikitisha, eh?" Wengi hulia dakika moja na kutaka iendelee. Wenzake wakimcheka, waambie wewe pia ulilia. Kama hukulia, sema hivyo hivyo.

*Mtoto anacheka mzazi anapokufa.* Si ukatili. Baadhi hucheka wakibanwa na hofu, hasa wavulana wa miaka tisa, kumi. Usimkaripie. Baadaye mtafute peke yake, mpe kikombe cha chai, msiongee kitu kwanza.

*Filamu imetafsiriwa, na mtafsiri anatania juu ya kipande cha msiba.* Hutokea mno. Mtafsiri anaijua hadhira ya banda la video, si ya sebuleni, na huongeza matusi ambayo filamu haina. Kagua toleo hilo hilo utakalowasha, si lile la Kiingereza. Likiwa baya, washa la Kiingereza na utafsiri mwenyewe. Watoto watakusifu hata ukikosea.

*Hataki kulala peke yake, au amekojoa kitandani.* Siku mbili tatu si ajabu. Taa iachwe, mlango uwe wazi, asichapwe. Acha kumwonyesha yenye vitisho kwa muda. Ikipita wiki mbili bado, au haendi shule, hali vizuri, usiilaumu katuni peke yake. Zungumza na mwalimu wake wa darasa au mpeleke kituo cha afya, huenda katuni imegusa kitu kilichokuwepo.

*Anaomba kipande kile kile cha huzuni kirudiwe, mara tano.* Mrudishie, ukiwa umekaa naye. Anakizoea kwa njia yake, na kila mara anajua kinachokuja. Akianza kukitazama peke yake kwa kujificha, hapo ndipo uulize.

*"Na mama yangu atakufa?"* Litakuja, kwa kawaida ukiwa unaosha vikombe. Usimwahidi kwamba hatakufa kamwe. Kwa aliye na mama, jibu: "Watu wote hufa, lakini mama yako leo yuko nyumbani anakusubiri, na wapo watu wengi wa kukutunza." Wataje kwa majina, shangazi, babu, mjomba. Kwa asiye na mama anza na majina.

*Mzazi amekuja na hasira.* Mpe daftari lako alisome. Akiona dakika zimeandikwa, sauti hushuka. Kama kosa ni lako, kubali, na mtoto wake mwache achague filamu ijayo.

*Mtoto amekataa nyama ya simbilisi.* Mpikie maharage. Kwangu ilichukua wiki tatu, na mpaka leo mmoja wao ana simbilisi wake mwenye jina, ambaye hakuna anayethubutu kumgusa.